Namna ya kujenga mhusika anayeaminika: mwongozo kutoka mwalo wa Kibirizi

Hadithi nyingi za vijana ninazopewa kusoma hapa Kigoma zina watu walewale. Yuko tajiri mwenye kitambi, mchawi mwenye macho mekundu, binti mrembo asiye na doa, na mama wa kambo ambaye hata usingizi haupati kwa kuwaza ubaya. Ukimuuliza mwandishi huyo tajiri amekula nini asubuhi, au anadaiwa na nani, hajui. Shuleni tulifundishwa mhusika bapa, mwenye sifa moja isiyobadilika, na mhusika duara, mwenye pande nyingi, tukajibu mtihani, tukapata alama zetu. Lakini kujua jina la ugonjwa hakumponyi mgonjwa.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja. Mtu humjui kwa sura yake, wala kwa sifa anazopewa na majirani. Unamjua pale anapotaka kitu kilichoko mkononi mwa mwenzake, na mwenzake bado hajakiachia. Hapo ndipo ulimi unabadilika, mikono inahangaika, na heshima aliyotoka nayo nyumbani inaanza kuchanika. Kwa hiyo nenda pale watu wanapotakiana vitu, ukae, utazame, kisha urudi nyumbani utunge.

Hatua ya kwanza: chagua mahali na chagua usiku

Kwa Kigoma, pa kuanzia ni mwaloni, pale mitumbwi inapofika na kushusha samaki. Kibirizi na Katonga pote panafaa, ila mimi naipenda Kibirizi kwa kuwa pana mchanganyiko: wavuvi, wachuuzi wa dagaa na migebuka, wabeba mizigo, abiria wa boti za vijiji vya kaskazini, na wale vijana wasio na kazi maalumu ambao kila mtu anawaita kwa jina. Mitumbwi hutoka jioni, huvua usiku kwa taa, na hurudi alfajiri. Dagaa akishafika nchi kavu hana subira; lazima aanikwe apate jua la siku hiyohiyo. Kila mtu pale ana haraka, na mwenye haraka hana nafasi ya kujipamba. Atakuonyesha alivyo.

Wageni wengi hawajui kwamba mwalo una nyuso mbili. Siku za giza, taa zinavuta dagaa na kazi inakuwa moto. Siku za mbalamwezi, ziwa lote lina mwanga, dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Utawakuta wamekaa kivulini wanashona nyavu, wanazungumza. Basi nenda mara zote mbili, ila kwa kazi tofauti: siku za giza nenda kutazama matendo, siku za mbalamwezi nenda kusikiliza maneno. Ukienda za giza tu, wahusika wako watakuwa na mikono bila midomo.

Stesheni ya reli nayo ni hazina. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu wa mji huu wamekuwa wakingoja treni na kusindikizana. Anayengoja hana la kufanya ila kuwa yeye mwenyewe: tazama anavyoulinda mzigo, nani anamwachia mgeni begi lake na nani analalia juu ya gunia. Soko la Mwanga linafaa kwa mabishano ya bei. Baraza za Ujiji, jioni, kahawa na bao, zinafaa kwa wazee, lakini pale usijitupe tu. Nenda na mtu anayejulikana, utoe salamu, na unyamaze.

Zahanati mimi siishauri. Mgonjwa ana haki ya kuumwa bila kutazamwa na mtunzi. Msibani nenda kama mfiwa au usiende.

Kuna mtego mmoja wa Kigoma. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na meli ya Liemba, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kushushwa majini hapa mwaka 1915, ina historia ya kuzamishwa na kuibuliwa. Basi kila anayeandika juu ya Kigoma anapachika mwembe wa Livingstone na honi ya Liemba, halafu anadhani amemaliza. Hayo ni mandhari. Liemba ikiingia katika hadithi yako, mhusika awe na mzigo ndani yake ambao hajalipia nauli.

Hatua ya pili: kaa mpaka waache kukuona

Mwalimu mkubwa wa jambo hili alifanya kazi yake kwa jirani zetu wa Gombe, safari ya boti kutoka Kibirizi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Miezi ya mwanzo sokwe mtu walikuwa wakimwona tu wanakimbia. Hakuwafukuza. Alikaa mlimani na darubini na daftari, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Wataalamu wengi wa wakati ule waliona ni sawa kuwapa wanyama namba. Yeye akawapa majina: David Greybeard, Goliath, Flo. Na ni huyo David Greybeard ambaye Goodall alimwona akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvua mchwa, jambo lililowafanya wasomi wafikirie upya wazo lao kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza na kutumia zana.

Kwetu sisi watunzi mna mambo mawili hapo. Kwanza, ukitazama “wavuvi” hutaona kitu. Tazama mvuvi mmoja, mpe jina lako la siri daftarini, umfuatilie yeye. Pili, siku za kwanza zote unazoona ni tabia za watu wanaojua wanatazamwa. Zipoteze bila uchungu.

Ili uzoeleke, uwe na sababu ya kuwapo. Nunua fungu la dagaa. Kunywa chai kwa mama mmoja, yuleyule kila ukienda. Ukiulizwa unafanya nini, sema kweli: naandika hadithi. Wengi watacheka, na wawili watatu watakuvuta pembeni wakusimulie maisha yao. Sikiliza kwa adabu, lakini jua kwamba mtu akijisimulia ameshajihariri. Sehemu tamu zaidi ameziacha nje.

Hatua ya tatu: andika ulichoona kabla ya ulichodhani

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto ni wa macho na masikio tu. Ukurasa wa kulia ni wa dhana zako. Usiruhusu vitu hivi vichanganyike.

Mwandishi asiye na mazoezi akimwona mchuuzi sokoni ataandika: “Mama mchoyo, mjanja mjanja.” Hiyo ni hukumu, na hukumu haina mwili. Sasa tazama noti iliyoandikwa vizuri:

“Mama wa makamo, khanga mbili, ya juu ameifunga kiunoni. Anapima dagaa kwa kopo la sado. Anajaza mpaka panatokea kilima juu. Mteja anapofungua pochi, mama anapitisha kiganja juu ya sado, kilima kinarudi kwenye turubai. Mteja anaguna. Mama anachota konzi moja, anaongeza: ‘Haya, hiyo ya mtoto.’ Konzi ni dogo kuliko kilima. Mteja anacheka, analipa.”

Hakuna neno uchoyo hapo, wala ujanja, lakini mama huyo amesimama mbele yako. Sasa nenda ukurasa wa kulia, uandike sababu zisizopungua tatu za kitendo hicho. Labda ni mchoyo kweli. Labda amechukua dagaa kwa mali kauli, alipe akishauza, na mwenye mali amehesabu gunia lina sado ngapi, kwa hiyo kila kilima kinatoka mfukoni mwake. Labda yeye na mteja wanajuana miaka, na huo ni mchezo wao. Siku asipoupitisha mkono, mteja atauliza kama anaumwa. Sababu ya kwanza inayokujia kichwani ndiyo inayowajia wote. Ya tatu ndiyo yako.

Watu huniuliza waandike nini hasa, kwa kuwa mwaloni kuna mengi. Mimi nina upendeleo wangu. Natazama pesa inakaa wapi: kwenye pindo la khanga, ndani ya kofia, kwenye simu, au kwa mtoto aliyesimama pembeni. Anayempa mtoto wa miaka tisa ashike pesa ana hadithi nzima nyuma yake. Natazama mikono baada ya mtu kukataliwa. Uso unaweza kudanganya, mikono haijafundishwa. Na natazama nani anamsalimu nani kwanza, na “marahaba” inatoka haraka au inacheleweshwa. Rangi ya nguo na urefu wa pua siandiki, labda viwe na kazi.

Usiandike mbele ya macho ya watu. Kariri mambo mawili matatu, sogea pembeni, yatie kwenye daftari kabla hayajapoa. Kuandika kwenye simu kunafaa. Siku hizi kila mtu ameinamia yake. Lakini usirekodi sauti wala kupiga picha kwa siri. Ni utovu wa adabu, na tena nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumbukumbu yako inatosha. Itakachosahau, pengine hakikuwa na uzito.

Hatua ya nne: sikiliza anavyowaita watu

Mazungumzo ya wahusika wetu mara nyingi yananuka risala. Kila mtu anamaliza sentensi, kila mtu anajibu alichoulizwa. Watu wenye haja hawasemi hivyo. Kwa Kiswahili chetu, njia ya mkato ya kuonyesha haja inavyopanda na kushuka ni namna mtu anavyomwita mwenzake. Tazama kijana anayedaiwa:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hela yangu?”

“Mama yangu, si uliona jua la jana lilivyokuwa.”

“Jua nililiona. Nauliza hela.”

“Shangazi, nipe mpaka Ijumaa.”

“Mimi nimekuwa shangazi yako lini?”

Kijana anasogea kutoka mama hadi mama yangu hadi shangazi. Kadiri deni linavyombana ndivyo anavyotafuta udugu. Mama anaukata udugu huo kwa swali moja. Huna haja ya kuandika “alisema kwa unyenyekevu” wala “alijibu kwa ukali”. Katika daftari lako weka ukurasa mzima wa hili: nani alimwita nani bwana mkubwa, kaka, mzee, mwanangu, mama fulani, na alipokataliwa aligeuza kuwa nini.

Kuhusu lafudhi, uwe mwangalifu. Kigoma ina Waha, Wamanyema, Wabembe, watu wenye asili ya Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mwandishi anayepotosha tahajia ili kuonyesha kwamba mhusika wake ni Muha anamdhihaki tu, na msomaji wa Kasulu atafunga ukurasa. Neno moja la Kiha mahali pake, linalosemwa na mtu ambaye kweli angelisema, linatosha. Kama hukijui Kiha, acha.

Hatua ya tano: changanya watu watatu, usimkope mmoja mzima

Huu ni mji mdogo. Ukimwandika jirani yako jinsi alivyo, hata ukimbadilisha jina, kufika Ijumaa Ujiji nzima inajua. Kuna sababu ya kiutunzi pia: mtu halisi anakufunga. Utajikuta unasema “lakini hakufanya hivyo”, na hadithi inakwama.

Chukua mkono kutoka kwa mtu mmoja, ulimi kutoka kwa mwingine, shida kutoka kwa wa tatu. Kisha badilisha angalau mambo mawili ya nje, kama kazi, umri, mtaa au jinsia. Mkono wa yule mama wa sado unaweza kuwa wa karani wa kiume anayepima mawese kwa lita, na pengine ukapendeza zaidi.

Kwa ajili ya mwongozo huu tumtunge mtu. Tumwite Zaituni. Ana miaka 41, ananunua dagaa Kibirizi, anawakausha, na anapeleka magunia Tabora kwa treni. Mkono wa kufuta kilima ni wake. Ulimi tumuazime mzee mmoja wa bao, asiyejibu swali bila kuuliza jingine. Shida ni ya kutunga: amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na marejesho yanamfuata kila wiki.

Watoto, na watu waliokimbia vita wakaishi kambini kama Nyarugusu, wanahitaji uangalifu wa ziada. Simulizi zao mara nyingi ndiyo mali pekee waliyobaki nayo. Usiichukue kwa sababu tu ina machozi.

Hatua ya sita: mpe haja, hofu na siri, halafu uzihakiki

Haja iwe kitu cha kushikika. “Anataka maisha bora” si haja. Zaituni anataka turubai jipya kubwa na nafasi ya magunia manane kwenye treni ya wiki hii. Hofu yake ni kuonekana ameshindwa mbele ya dada yake mdogo aliyeolewa vizuri. Siri yake: yeye ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana pesa, na ametumia pesa za wenzake kulipa marejesho.

Sasa hakiki, maana hapa wengi huanguka. Sanduku la kikoba mara nyingi huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, kusudi asiwepo wa kulifungua peke yake. Kwa hiyo Zaituni hawezi tu “kuchukua pesa sandukuni usiku” kama wanavyoandika wengi. Lazima utafute upenyo. Je, wanachama walioko safarini wanatuma michango yao kwa simu? Inaingia kwenye simu ya nani kwanza? Hapo upo upenyo, na tazama ulivyokuletea zawadi: sasa anaiba kidogo kidogo, kutoka kwa wasiokuwepo, na kila mara anajiambia ni mkopo. Kanuni ya sanduku imekupa tabia ya mtu. Ndiyo maana nasisitiza ujue kazi inavyofanyika kabla ya kutunga moyo wa anayeifanya.

Ongeza kitu kimoja kisicholingana na vingine. Zaituni anayefuta kilima cha sado huwalisha watoto wa wabeba mizigo uji kila asubuhi na hataki ashukuriwe. Usieleze kwa nini. Ukieleza, unamrudisha kuwa bapa.

Hatua ya saba: mtie kwenye mvua

Mhusika akiwa tayari, usianze na maisha yake tangu kuzaliwa. Mweke kwenye shida ambayo mahali penyewe panaitoa. Ziwa linafungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Zaituni atakula nini miezi hiyo mitatu, na marejesho ya kila wiki hayajui habari za ziwa? Treni imechelewa na magunia yameshatoka nyumbani. Au shida ndogo kabisa, ambayo mimi naiona ndiyo bora: mvua inaanza na dagaa wako juani.

Mtu mvivu ataandika hivi: “Zaituni alikuwa mwanamke mwenye roho mbaya. Mvua iliponyesha alijali mali yake tu.”

Sasa jaribu hivi:

“Tone la kwanza lilimwangukia Zaituni shingoni. Hakutazama juu. Alivuta turubai, akaanza na dagaa waliokaribia kukauka, wale wenye bei. Chanja ya jirani ilikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amekwenda kunyonyesha. ‘Mama Neema!’ aliita mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Turubai lilibaki na nafasi ya mikono miwili. Akalikunja upande huo. Kisha akarudi, akachota makonzi mawili ya dagaa wa jirani, akayatia chini ya turubai lake, ili baadaye aweze kusema aliokoa alichoweza.”

Makonzi yale mawili ndiyo Zaituni. Mbaya kamili asingeyachota, na mwema kamili asingelikunja turubai. Ukipata kitendo cha namna hiyo, futa kila sifa uliyoiandika kabla yake: mchoyo, mjanja, mwenye hofu, zote. Na ukikosa, rudi kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari, kwa kuwa mara nyingi kipo na ulikipita.

Hatua ya nane: mpe mwenye kazi asome

Rafiki zako watakuambia hadithi ni nzuri. Haisaidii. Tafuta mchuuzi mmoja na mvuvi mmoja, uwasomee kwa sauti siku za mbalamwezi wakiwa na nafasi, uwanunulie chai. Usiulize kama wameipenda. Tazama walipocheka, walipokukatiza, na waliposema “hapana, haiwi hivyo”. Mvuvi atakuuliza usiku huo mwezi ulikuwaje mpaka mitumbwi yote ikatoka. Mchuuzi atakuuliza mbona Zaituni alianika wakati wingu lilishatanda tangu asubuhi. Andika maswali yao yote bila kujitetea.

Wakibishana wao kwa wao kama Zaituni alifanya vizuri au vibaya, umepata. Lakini mmoja akitabasamu na kusema “huyu namjua, si mama fulani wa kule juu?”, na akataja jina, usitoe hadithi hiyo bado. Muulize ni kipi kilichomfanya amkumbuke huyo mama. Atakutajia kitu kimoja au viwili, pengine hata hukukusudia: namna ya kufunga khanga, idadi ya watoto, msemo. Vitoe hivyo, weka vingine, kisha msomee mtu mwingine wa mtaa uleule.